Safu ya Mashemeji

Baba yangu alifanya kazi moja kwa miaka thelathini na minne, nayo ni kusafisha chujio. Nikiwaambia watu hivyo hudhani ni chujio la chai, nami huwa sina subira na watu wa namna hiyo. Nazungumzia chujio la nondo, pana kama mlango wa gereji, lililosimamishwa mtoni pale maji yalipoingia kwenye bomba kubwa la kwenda mjini. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Baba alishuka ngazi kumi na tisa za saruji, mabuti ya mpira miguuni na reki ya meno marefu mkononi, akakwangua kilichonasa. Takataka alizirundika kando. Viumbe alivihesabu, akaviandika daftarini, kisha akavirudisha majini upande wa chini, vilivyo hai na vilivyokufa, vyote kwa upole ule ule.

Kuhesabu halikuwa wazo lake. Lilikuwa la msimamizi wake wa kwanza, aliyeitwa Bwana Mstari kwa sababu hakutoka nyumbani bila rula. Huyo alimwambia siku ya kwanza kazini kwamba chujio haliwezi kuziba ghafla, huwa limeshatoa taarifa siku nyingi kabla, ila hakuna aliyeandika. Akampigia mistari ya safu katika daftari: samaki, kaa, konokono, vyura, wadudu, mengineyo. Akampa na sheria moja ambayo Baba aliishika kuliko alivyoshika ushauri wa daktari. Anayeandika asijumlishe. Kila mwisho wa mwezi ukurasa unapewa mtu mwingine ajumlishe, na mwandishi akishautoa harudi kuuangalia, maana mtu akijumlisha namba zake mwenyewe huanza kuzipendelea.

Mwanzoni aliyejumlisha alikuwa karani wa ofisi. Karani akahamishwa, Bwana Mstari akastaafu, na ofisi ikasahau kabisa kwamba kuna mtu huko mtoni anaandika vyura. Mtu mwenye akili zake angeacha. Baba akaendelea, akawa ananunua madaftari mwenyewe, na kazi ya kujumlisha akampa Mama.

Mama alikuwa fundi cherehani, na kichwa chake kilikuwa na hesabu kuliko changu, ingawa mimi ndiye ninayelipwa kuzifundisha. Siku ya mwisho ya mwezi alisogeza vipande vya vitambaa mezani, akavaa miwani, akachukua kalamu yake ya kijani na kushuka safu moja baada ya nyingine, midomo ikitikisika bila sauti. Jumla aliiandika chini ya kila safu. Daftari lilipojaa, yaani kila nusu mwaka, aliandika jumla kuu juu ya kifuniko: viumbe elfu nne mia mbili na kitu, viumbe elfu tatu mia tisa na kitu. Hakukosea. Nasema hakukosea, na mtaona kwa nini nalisisitiza.

Tuliishi katika nyumba ya idara, vyumba viwili na jiko la nje, hatua thelathini kutoka majini. Dirisha la chumba cha wazazi liliutazama mto. Mama alifika pale akiwa bibi harusi, mvua zikiwa ndiyo zinaanza, na wiki nzima hakupata usingizi kwa kelele.

"Hawa ni akina nani?" alimuuliza Baba.

"Vyura."

"Wamekuja lini?"

"Walikuwepo kabla yetu."

"Basi hawa ni mashemeji," Mama akasema. "Hawakualikwa, wamejaa mpaka mlangoni, na maneno yao hayaishi."

Jina likaganda. Walikuwa vyura wadogo, nusu ya kidole gumba, mgongo wa rangi ya udongo na tumbo la rangi ya papai lililoiva. Msimu wa mvua chujio liliweza kunasa arobaini au hamsini kwa asubuhi moja, na kila jioni Baba alipoketi kuvua viatu, Mama aliuliza kutoka kwenye cherehani bila kuinua macho, "Mashemeji wamefika?" Baba akajibu arobaini na mbili, au thelathini na tisa. "Na vyombo nitatoa wapi?" Mama akasema. Mazungumzo hayo niliyasikia utoto wangu wote. Nilikuwa nimeshaanza shule ndipo nilipogundua kwamba nyumba nyingine hawaulizani hivyo.

Nikikumbuka mambo ya wakati ule najikuta natabasamu peke yangu hata katikati ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nakumbuka mafuriko ya kwanza ya mwaka, mwezi wa tatu, kambale walipopanda mto kwa mamia, na Baba akituita tukaone migongo yao meusi ikipishana. Nakumbuka kereng'ende wa buluu waliotua juu ya kamba ya nguo hadi Mama akawafukuza kwa upande wa khanga. Nakumbuka harufu ya majani ya mkuyu yaliyooza, ambayo Baba alirudi nayo mwilini, na mpaka leo nikiisikia mahali natafuta mtu wa kumpokea kofia. Nakumbuka pia kwamba Baba hakujua kudanganya. Akijaribu, mkono ulikwenda wenyewe kushika ncha ya sikio. Nikiwa mgonjwa aliniambia dawa si chungu huku amelishika sikio, nami nikafunga mdomo hadi Mama akaniziba pua.

Mto haukubadilika siku moja. Ungebadilika siku moja tungepiga kelele. Huko juu, mwendo wa nusu siku kwa miguu, palikuwa na kinamasi kikubwa cha matete. Mwaka mmoja upande wake mmoja ulichimbwa mifereji ili pawe mashamba, na miaka michache baadaye upande mwingine. Madaftari yanaeleza yaliyofuata, ukiwa na subira ya kuyasoma. Majani ya mkuyu yakapungua, yakaja ya mkalitusi. Kambale wakahama kutoka mwezi wa tatu hadi wa nne, mwaka mwingine wakaja mara mbili, mwaka mwingine hawakuja kabisa. Kaa walikuwa kumi na wawili, wakawa watano, akabaki mmoja aliyenaswa mara tatu wiki moja, na Baba aliandika pembeni kwamba ni yule yule kwa sababu hana kidole. Konokono wakaongezeka, ila wa aina nyingine, wenye ncha kali. "Mgeni, jina silijui," aliandika. Kereng'ende wa buluu wakatoweka, na baada ya miaka miwili wakaja wekundu wakatua kwenye kamba ile ile. Hata miguu ya Baba ilishuhudia. Zamani miezi ya baridi alivaa soksi jozi mbili ndani ya mabuti. Ikawa jozi moja. Miaka ya mwisho hakuvaa soksi.

Mashemeji nao walipungua taratibu. Wakawa thelathini, wakawa kumi na mmoja, wakawa watatu. Wakati huo nilikuwa nimeshaondoka, naishi mjini na mume na kazi. Nilipokwenda kuwatembelea nililala fofofo, nikajisifu kwamba kelele za vyura siku hizi nimezizoea. Baba na Mama wakatazamana.

Kisha moyo wa Mama ukaanza kuchoka. Daktari akasema alale, apumzike, asipande ngazi wala asikanyage cherehani. Alilala chini ya lile dirisha miaka miwili na zaidi. Mwisho wa mwezi alipangiwa mito mgongoni, akapewa miwani na kalamu ya kijani, akajumlisha akiwa amepakata daftari juu ya ubao wa kukatia nguo. Alifariki tarehe kumi na nne mwezi wa nane, asubuhi, Baba akiwa chini mtoni. Hilo Baba hajajisamehe, nami sina neno la kumsaidia.

Aliendelea na kazi miaka minne na ushei, mpaka idara ilipojenga mtambo mpya kwingine na kumstaafisha pamoja na chujio lake. Akaja kwangu na mfuko mmoja wa nguo na sanduku moja la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na madaftari sitini na manane. Mume wangu akaweka televisheni juu yake, na kwa miaka miwili tulitazama taarifa ya habari juu ya mto mzima bila kuukumbuka.

Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini, nywele fupi, viatu vya michezo alivyovivua mlangoni bila kuambiwa, na kompyuta ndani ya begi la mgongoni. Alitoka katika taasisi inayochunguza mito. Mtunza stoo wa idara ya maji alimwambia kuna mzee mmoja aliandika. Akamweleza Baba kwamba wao wana picha za kutoka angani na vipimo vya maji vya miaka kumi, lakini hakuna popote alipoona mtu aliyejua ni nini kiliishi ndani ya mto, siku kwa siku, kwa miaka thelathini na minne. Kama madaftari yakithibitika, alisema, yatahifadhiwa katika maktaba ya taasisi na jina la Baba litaandikwa juu yake.

Kesho yake Baba akanyoa ndevu, akavaa shati lake la kazi lililopigwa pasi, akaketi sebuleni tangu saa mbili kamili kumsubiri. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzee wangu alikuwa amengoja miaka yote hiyo mtu mmoja tu aulize, na kwamba asipokubaliwa safari hii hatapata mwingine. Nilihamisha televisheni nikaiweka chini.

Kwa siku tatu binti alipiga picha kurasa na kuingiza namba kwenye kompyuta, na Baba akawa anajibu maswali. Kaa asiye na kidole aliwachekesha wote wawili. Sijawahi kumwona Baba akiongea vile tangu msiba. Siku ya nne, nikiwa narudi kutoka kazini na mkate mkononi, nilimkuta binti amesimama.

"Mama mwalimu, njoo uone," alisema. "Huyu chura wenu wa tumbo la papai. Kila mto wa bonde hili tuliopata habari zake, alitoweka mwaka ule kinamasi kilipomalizwa. Kila mto, isipokuwa wenu. Kwenu alidumu zaidi ya miaka miwili. Wachache, mmoja leo, wawili kesho kutwa, lakini yupo."

"Maana yake nini?"

"Maana yake huko juu ya chujio kuna mahali alijificha. Chemchemi labda, au kipande cha matete ambacho mifereji haikukifikia. Kama alijificha miaka miwili, pengine mpaka leo yupo. Nimeshamwandikia bosi wangu. Msimu ujao tutaleta watu tumtafute."

Nilifurahi. Nikamuuliza alionekana mara ya mwisho lini.

"Mara ya mwisho tarehe kumi na tatu mwezi wa nane," akasoma. "Kuanzia kumi na nne, sifuri mpaka mwisho."

Mkate ulinibaki mkononi. Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Ila kuna kitu kidogo," binti akaendelea, hajui alichokisema. "Jumla za kwenye vifuniko. Miaka yote zinalingana na kompyuta yangu kabisa, mpaka nikashangaa. Lakini vifuniko vitano vya mwisho vyenye jumla, hazilingani. Nimeambiwa mama alikuwa anaumwa, na mtu akiumwa hukosea. Si tatizo, mimi natumia namba za kila siku."

Sikuwa na haki ya kukasirika, lakini nilikasirika. Nilimwambia mama yangu hakuwahi kukosea kujumlisha, mzima wala mgonjwa, na kama namba hazilingani basi aitazame kompyuta yake. Binti wa watu akaomba radhi, akafunga begi, akaondoka mapema.

Baba hakula jioni ile. Nilipokuwa naosha vyombo alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni, akamwaga yote bila kuulizwa.

"Shemeji wa mwisho nilimwona tarehe ishirini na nane mwezi wa nne," alisema. "Mwaka ule mama yako alipolala. Nikamrudisha majini, akaenda. Baada ya hapo hakuja mwingine."

"Lakini umeandika, Baba."

"Kila jioni aliniuliza. Siku nne nikamwambia hawajafika. Siku ya tano nilimwangalia pale kitandani, nikasema amefika mmoja. Sasa daftari si lilikuwa linakwenda kwake mwisho wa mwezi? Ingebidi niandike. Nikaandika mmoja. Nyingine nikaandika wawili. Siku nyingi niliacha sifuri, asije akashtuka."

"Miaka miwili?"

"Na miezi mitatu."

Niliweka sahani chini. Nitasema ukweli, sikuona huruma kwanza. Niliona moto. Huyu ndiye baba aliyenichapa nilipoficha daftari la shule lenye alama mbaya. Huyu ndiye aliyekuwa akisema mto hauna mtu mwingine wa kuusemea. Nikamwambia Baba, yule binti anakwenda kuleta watu na magari watafute kwenye matope chura uliyemtunga wewe, na bosi wake ameshaandikiwa.

"Ndiyo maana nakwambia," akasema. "Kesho namwambia na yeye. Tarehe yake ya kutoweka ni tarehe ya msiba wetu, si ya chura."

"Atayakataa yote."

"Najua."

Alikuwa hajashika sikio. Nikaona huruma hapo, na hasira ikabaki haina pa kwenda.

Kesho yake alipiga moyo konde akamwambia, amevaa shati lile lile. Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulishuka kidogo kidogo, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuipenda ile chemchemi ambayo haikuwepo.

"Na hao wengine?" akauliza. "Kaa, samaki, kereng'ende?"

"Hao niliwaona wote."

"Nitajuaje, mzee wangu?" Alisema kwa heshima kabisa. "Umeziandika vizuri mno zile za uongo. Umeweka sifuri mahali pake, umeongeza msimu wa mvua, umepunguza kiangazi. Nisingejua mpaka nazeeka. Sasa nikisimama mbele ya watu wanaoulizia ukweli wa madaftari haya, niwaambie nini?"

Binti akasema itabidi azungumze na bosi wake, na kwamba atarudi Jumatatu kutupa uamuzi, lakini asingependa tutegemee sana. Alipoinama kuvaa viatu niliona macho yake yamelowa. Baba alirudi sebuleni, akayapanga madaftari ndani ya sanduku, akafunga kitasa, akainua televisheni kwa mikono yake miwili na kuirudisha juu.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa na mitihani ya wanafunzi arobaini ya kusahihisha na sikugusa hata mmoja. Kitu kilikuwa kinanikera. Ya Baba yalikuwa yamekwisha, basi, lakini Mama hakuwepo kujitetea, na mtu amesema alikosea kujumlisha. Niliishusha tena televisheni, mume wangu akinitazama bila kuuliza, nikatoa yale madaftari matano, na la sita ambalo kifuniko chake hakina jumla, na kikokotoo.

Nilianza na kifuniko cha la kwanza. Tofauti kati ya jumla ya Mama na jumla ya namba zote za ndani ilikuwa kumi na moja. Nikarudia, ikawa kumi na moja. Nikafungua ndani nione ni safu gani imemponyoka. Nikahesabu samaki mwezi wa tano, sawasawa. Kaa, sawasawa. Konokono, mia moja na kumi na sita, sawasawa. Kwenye safu ya mashemeji Baba alikuwa ameandika mmoja, mmoja, wawili, mmoja, wawili, jumla saba. Chini yake, kwa kalamu ya kijani, Mama alikuwa ameandika sifuri.

Nilidhani alisinzia. Nikafungua mwezi wa sita. Safu zote sahihi, mashemeji sifuri. Mwezi wa saba, sifuri. Nikafungua daftari baada ya daftari pale sakafuni. Mwandiko unazidi kulegea, miezi ya mwisho kijani kinatetemeka, lakini kila jumla ni sahihi kwa samaki na konokono na wadudu na mengineyo, na chini ya mashemeji, sifuri. Nilizihesabu. Tangu ule mwezi wa tano mpaka mwezi mmoja kabla ya kufariki, sifuri ishirini na saba. Sikupata hata moja iliyorukwa.

Angeacha kujua vipi? Alilala chini ya dirisha linaloutazama mto, usiku na mchana, hana kazi nyingine isipokuwa kusikiliza. Mimi nilikuwa nikija pale nalala fofofo najisifu. Yeye alisikia walivyonyamaza. Na Baba alikuwa anamwambia amefika mmoja, mkono sikioni.

Nilimwita. Alikuja na kikombe cha chai, akaniona nimezungukwa na madaftari, akageuza uso upande wa pili.

"Ukurasa huo umeshajumlishwa," alisema. "Mimi siuangalii."

"Leo utaangalia, Baba. Sheria naivunja mimi."

Nilimwekea kidole chini ya safu. Aliinama, akatafuta miwani mfukoni, akaivaa. Nikafungua ukurasa uliofuata, na uliofuata. Ilimchukua kurasa tano kuelewa. Kikombe akakiweka sakafuni taratibu sana.

"Alijua," akasema.

"Tangu mwezi ule wa tano."

"Na akaendelea kuniuliza." Alipitisha kidole juu ya sifuri moja. "Kila jioni aliniuliza. Nikimwambia amefika mmoja anacheka, anasema vyombo atatoa wapi. Nikawa natoka pale nimetulia, nasema leo amelala vizuri." Akalifunga daftari. "Mwanangu, nilidhani mimi ndiye ninayemtuliza."

Alilia, na mimi nililia, na sioni sababu ya kuficha. Kisha akacheka kidogo, akasema mama yako alikuwa mkaidi, mtu anakufa na bado hakubali namba isiyo sawa.

Jumatatu binti alirudi na uso wa mtu aliyebeba habari mbaya. Sikumpa nafasi ya kuzitoa. Nilimkalisha, nikamwekea yale madaftari yakiwa wazi. Yeye ni mtu wa namba, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alichukua muda mrefu, akilinganisha ukurasa kwa ukurasa na kompyuta yake, safu moja inayokataa na zote nyingine zinazokubali.

"Kumbe kulikuwa na mkaguzi," akasema mwishowe. "Miaka yote. Na alimkagua mumewe bila kumwonea haya." Akavua miwani akaifuta. "Nikiwa na huyu, naweza kusimama mbele ya watu. Chura wenu nitamwandika alitoweka tarehe ishirini na nane mwezi wa nne, sawa na mito mingine. Samahani, mzee. Nilitamani sana awepo."

"Hata mimi," Baba akasema.

Alitaka kuyabeba siku ile ile. Baba akamzuia. Hayajakamilika, alisema. Tangu mama wa nyumba aondoke hakuna aliyejumlisha, kuna kurasa hamsini na tatu ambazo chini ni tupu, na kitu kisichokamilika hakipelekwi maktaba. Binti akasema kompyuta inajumlisha yenyewe. Baba akamtazama kwa upole hadi binti akasema sawa, atarudi Ijumaa.

Jioni ile Baba alifungua lile sanduku, akatoa chini kabisa kopo la vifungo la Mama, na ndani yake kalamu ya kijani. Nilidhani itakuwa imekauka. Nilipoisugua kwenye pambizo la gazeti iliandika. Akaniwekea daftari mbele yangu, akaenda kuketi kiti cha pembeni, uso ukutani.

"Mimi niliandika," akasema. "Jumlisha wewe."

Ukurasa wa kwanza usio na jumla ulikuwa wa mwezi wa nane, mwezi wa Mama. Nilishuka safu ya samaki, nikaandika jumla. Nikashuka kaa, konokono. Nikafika kwenye mashemeji. Tarehe nne Baba alikuwa ameandika mmoja. Tarehe kumi na tatu, mmoja. Kisha zinaanza sifuri, na mwandiko wake siku zile za msiba umeinama upande mmoja. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na moja ukijumlisha na moja najua ni ngapi. Nikaandika sifuri.

"Mashemeji wamefika?" Baba akauliza, bado anatazama ukuta.

"Hapana, Baba. Hawajafika."

Alitikisa kichwa.

"Haya," akasema. "Endelea."